Anayeuguza Naye ni Mtu

(Mazungumzo yaliyotolewa na watunza funguo watatu wa sanduku, siku kikundi chetu kilipotimiza miaka kumi, Sumbawanga)



 Miaka kumi si mchezo. Vikundi vingi vimeanza na nderemo vikafa kabla ya mgao wa pili. Taarifa ya fedha mmekwisha kuisikia kutoka kwa mweka hazina wetu: hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii. Hatutairudia. Kamati ya maandalizi imetupa sisi watatu kazi nyingine. Tumeambiwa tuseme jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya hesabu, lakini ndilo lililotubadilisha kuliko faida yoyote.

Wengi wenu mnajua utaratibu wa sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa katika nyumba tatu mbalimbali. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, hata awe mwaminifu namna gani. Siyo kwamba hatuaminiani. Ni kwamba mzigo wa namna ile haufai kubebwa na mtu mmoja. Mpango huu hatukuubuni sisi. Ulianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, ukasambaa nchi kwa nchi hadi ukafika kwetu Tanzania. Tuliupokea, tukaushika vizuri. Lakini leo hatuna budi kukiri: tulijua kugawana funguo za fedha, hatukujua kugawana funguo za mgonjwa.

Habari tunayotaka kuwaeleza ni ya mwenzetu mmoja. Mwenyewe yupo hapa, amekaa katikati yenu, na ametupa ruhusa. Ametupa na masharti mawili: tusitaje jina lake, na tusimfanye malaika. Tutajitahidi.

Miaka saba bila kulala

Mwenzetu huyu alifiwa na mumewe mwaka 2009, akarudi kwa mama yake. Mwaka 2012, asubuhi moja, mama mtu alikuwa akipepeta maharage uani. Mara mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukaanguka kama siyo wake, na maneno yakawa hayaeleweki. Majirani wakasema amerogwa. Siku mbili zikapotea kwa maneno hayo kabla ya kufika hospitali.

Jamani, tunalisema hili kwa makusudi. Tunaishi katika mji ambao jina lake, kama wazee wanavyotueleza, maana yake ni "tupa uchawi". Basi tuutupe kweli. Kile kilikuwa kiharusi. Kiharusi ni mshipa wa damu kichwani kuziba au kupasuka, sehemu ya ubongo ikakosa damu, na presha ya juu ni chanzo chake kikubwa. Ukiona mdomo umekwenda upande, mkono mmoja haunyanyuki, maneno yanakwama, usiulize nani kafanya. Hospitali, saa ileile. Na mwenye dawa za presha azimeze kila siku, siyo siku kichwa kinapouma tu.

Mama yule alipona kifo lakini hakupona kitanda. Tangu hapo mwenzetu akawa mikono yake na miguu yake. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo ngozi huchubuka na vidonda vya kulala hufika hadi mfupani. Kuna kumwogesha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko asipaliwe, kumbadilisha, kufua mashuka. Na ninyi mnajua maji ya Ufipa mwezi wa saba yanavyouma vidole. Kaka zake wawili, mmoja Dar es Salaam na mmoja Mbeya, walituma pesa. Hatuwezi kusema uongo, walituma. Lakini pesa haimgeuzi mgonjwa.

Na sisi wanakikundi tulifanya nini? Tulimtoza faini ya kuchelewa. Kitabu kipo, mnaweza kukisoma: faini, faini, faini. Halafu kila ikifika Machi 8, Siku ya Wanawake, tulimsimamisha mbele tukamsifu kuwa ni mfano wa kuigwa, mwanamke wa shoka, binti anayempenda mama yake. Mwaka mmoja tulimpa na zawadi. Tulimpa kanga. Hatukumpa hata saa moja ya kulala.

Sifa zile, ndugu zetu, zilikuwa kufuli. Mtu aliyesifiwa hadharani kwamba hachoki, siku akichoka atamwambia nani?

Safari ya Mpulungu

Mwaka 2019, baada ya mavuno, tulikuwa tumechanga ya kutosha kwenda matembezi ya siku nne nchi jirani ya Zambia. Kusudi lilikuwa mawili: kuona biashara ya samaki kule Mpulungu, na kupumzika. Wengi wetu hatukuwahi kuvuka mpaka kwa ajili ya kupumzika. Tulivuka kwa ajili ya kuuza.

Mwenzetu alikuwa amechanga kama wote, lakini alisema haendi. "Nani atabaki na mama?" Ndipo wanachama wanne ambao hawakusafiri wakajitolea kukaa na mgonjwa kwa zamu. Hata hivyo alikataa mara mbili. Mara ya tatu mama mwenyewe, kwa ulimi wake mzito, alisema neno moja tu: "Nenda."

Akaandika maelezo kwenye karatasi ya daftari, mbele na nyuma: saa za dawa, saa za kugeuza, uji uwe mwepesi kiasi gani, mto ukae wapi. Akapanda gari. Alilia kimyakimya kutoka hapa mpaka Matai. Tulimwona, tukaendelea kuimba.

Tulivukia Kasesya. Upande wa pili tuliona kwamba watu ni walewale. Wamambwe na Walungu wako huku na wako kule, mpaka uliwakuta nyumbani. Fedha ndiyo ilitusumbua, maana tangu Januari 2013 wenzetu walikata sifuri tatu katika kwacha yao, na sisi tuliozoea maelfu yetu tuliona kila kitu ni bure mpaka tulipopiga hesabu.

Mbala tulilala usiku mmoja. Ndio mji ulioitwa Abercorn, ambako Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri rasmi Novemba 25, 1918, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimekwisha kule Ulaya wiki mbili kabla. Pale Mbala tulitembelea Makumbusho ya Moto Moto, yaliyotokana na vitu alivyovikusanya Padre Jean Jacques Corbeil. Humo mna mbusa, yaani vyombo na sanamu za udongo ambazo akina mama wa Kibemba walizitumia kuwafundishia wasichana mambo ya unyumba. Tulicheka kama wanafunzi. Mwenzetu hakucheka. Alisimama pale muda mrefu, kisha akasema polepole, "Mimi haya yalikwisha." Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Kutoka Mbala unateremka kwenda ziwani. Sisi tunaoishi zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, tuliofika na masweta, tulivua kila kitu kilichovulika, maana Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi na joto lake ni jingine. Tulipanga kukodi boti twende kuona magofu ya kanisa la mawe la Niamkolo, lililojengwa na wamisionari wa London miaka ya 1890. Mashine ya boti ikagoma. Akaitwa fundi. Tukakaa chini ya mwembe kumsubiri amalize, tangu asubuhi mpaka alasiri.

Fundi huyo alikuwa mtu mzima, Mlungu, mpole, Kiswahili chake safi kwa sababu ya kufanya kazi na watu wa Kigoma na wa Kongo. Alifanya kazi yake bila maneno mengi. Ilipofika saa nane mchana alifuta mikono, akamsogelea mwenzetu, akasema:

"Samahani mama. Unamuuguza nani?"

Mwenzetu akashtuka. "Nani kakuambia?"

"Hakuna. Umeangalia saa mara tatu tangu asubuhi. Saa nne, saa sita, saa nane. Na kila ukiangalia unataka kuinuka. Mimi nilifanya hivyo miaka minne kwa mke wangu. Alifariki, lakini mpaka leo usiku naamka saa nane, naamka saa kumi. Nakaa kitandani sina wa kumgeuza."

Basi. Hakuna maneno mengine ya mahaba yaliyosemwa siku ile, na aliyetarajia kusikia mengine tunamwomba radhi. Wale wawili walikaa wakazungumza habari za uji, za vidonda, za mashuka, za usiku. Sisi tuliokuwa karibu tulidhani ni mazungumzo ya kuchosha. Baadaye, boti ilipopona tukaenda Niamkolo, tukamsikia mwenzetu akicheka. Tuseme kweli: tangu kikundi kianze hatukuwahi kumsikia akicheka. Mmoja wetu aligeuka kuangalia ni nani.

Kesho yake tulikwenda kuona maporomoko ya Kalambo, na fundi akaomba nafasi ndani ya gari. Mto ule ndio mpaka, na maji huanguka zaidi ya mita 200. Karibu na pale wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale yana umri wa miaka 476,000 hivi. Mwaka ule hatukulijua hilo. Tulijua tu kwamba tumesimama ng'ambo, tunaitazama nchi yetu wenyewe kwa upande ambao hatukuwahi kuuona. Mwenzetu akasema, "Kumbe kwetu ni kuzuri hivi." Walikula muhogo wa kuchoma pamoja, mbele ya macho ya watu wote. Hapakuwa na jambo la aibu.

Lakini midomo yetu, jamani! Kabla gari halijarudi Mbala tulikwisha kunong'ona. "Kamwacha mama kitandani, yeye huyo anatafuta bwana." Waliosema hivyo siyo watu wa mtaani. Ni sisi.

Simu

Kule maporomokoni simu hazikushika. Tulipoingia Mbala jioni, ya kwake ikaanza kulia mfululizo. Mama ameanguka kitandani alfajiri. Bega limeumia, analia.

Usiku ule hakusema na mtu. Njiani kurudi hakusema na mtu. Alipofika nyumbani alimkuta mama yake amefungwa bega, akapiga magoti, akasema maneno tuliyoyasikia wote: "Mungu amenionyesha." Akafuta namba ya fundi. Kwa miezi mitatu hakuja kikaoni. Alileta hisa zake kwa mkono wa mtoto, kamili, pamoja na faini za kutokuja ambazo hakuna aliyemdai.

Sasa tunafika mahali pagumu, na ndiyo maana tumeomba tuseme sisi watatu na siyo mwingine.

Alfajiri ile zamu ilikuwa ya mmoja wetu sisi watatu tunaosimama hapa. Lori la mnunuzi wa mahindi lilikuwa linapakia, bei ilikuwa nzuri, na wa kumpokea zamu alikuwa njiani. Alisema nusu saa tu. Akafunga mlango, akaondoka. Mgonjwa akaamka, akaita, hakuna aliyejibu. Akajaribu kujivuta mwenyewe kwenda haja. Ndivyo alivyoanguka.

Na mwenzetu huyu wa kwetu alinyamaza miezi mitatu. Alimwona binti wa watu akijiadhibu kwa kosa ambalo si lake, akanyamaza. Bibi zetu walipolima ntumba walifukia nyasi chini ya tuta, zikaoza, msimu ujao zikawa mbolea. Lakini aibu ukiifukia haiwi mbolea. Inanuka tu.

Mwezi wa kumi hakuweza tena. Alituambia sisi wawili. Tukaenda wote watatu, maana funguo ni tatu, tukaingia kwa mgonjwa. Akapiga magoti akaeleza yote mbele ya mama na mbele ya binti. Tulitegemea kelele. Mama alikaa kimya, halafu akasema kwa taabu, neno moja moja:

"Nilijua. Nilikusikia ukifunga mlango."

Binti akalia, "Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikwenda kujihukumu."

Akapumzika. Kisha akamtazama binti yake na kusema jambo ambalo sisi watatu hatutalisahau mpaka tunaingia kaburini:

"Mimi nimelazwa na ugonjwa. Wewe umelazwa na nani?"

Tulichokifanya

Toka siku ile tulianza zamu ya kweli. Siyo ya kujionyesha, ya kweli. Wanachama kumi na wawili, wawili wawili, mchana mmoja mmoja wa juma na usiku mmoja kila baada ya majuma mawili. Kuna daftari pale kitandani: nani amekuja, saa ngapi amemgeuza, amekula nini. Na kuna sheria moja isiyo na msamaha: huondoki mpaka wa kukupokea ameingia mlangoni na mmeonana uso kwa uso. Ufunguo hauachwi mezani.

Mwanzoni binti hakujua afanye nini na saa zile. Siku ya kwanza alikwenda kukaa sokoni bila kununua kitu. Siku ya pili alilala, akalala, mpaka tukaogopa.

Samaki nao wakaanza kufika. Fundi hakuwa na namba, lakini alijua mji, na madereva wa malori wanajua kila kitu. Ukaja mfuko wa dagaa, hauna barua. Baada ya mwezi mwingine, migebuka mikavu. Mama akala, akauliza, "Nani ametuma?" Binti akajibu, "Mtu tu." Mama akasema, "Mtu tu anajua kukausha." Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona safari zikawa ngumu, na samaki wakakoma kwa muda. Hapo ndipo binti mwenyewe alimtafuta dereva akaomba namba. Hatukumtuma.

Mwaka 2021 fundi alikuja na kaka yake mkubwa, kwa heshima zote, wakakaa mbele ya mama. Mama hakuuliza ana nini wala anafanya kazi gani. Alisema, "Saa yangu imefika. Nigeuze." Mzee yule akainuka, akanawa mikono, akaweka mkono mmoja begani na mmoja nyongani, akamgeuza kwa pumzi moja bila kumvuta ngozi, akaweka mto katikati ya magoti. Mama akafumba macho, akasema, "Huyu anajua."

Kelele zilitoka kwa kaka. "Akiolewa, nani atabaki na mama?" Tuliwatuma akina mama watatu wazungumze nao kwa simu, kwa upole, tukiwa na karatasi mkononi. Kwa faida ya wote waliopo, tuyaseme yaliyokuwamo.

Kwanza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kuishi anapopenda, kubaki bila mume, au kuolewa tena na mwanamume amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Hakuna mahali ilipoandikwa "isipokuwa kama ana mgonjwa".

Pili, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na inasema familia ndiyo msingi wa kumtunza. Familia, ndugu zetu. Haikusema binti. Mwana wa kiume naye ni familia.

Kaka wa Mbeya alinyamaza siku tatu. Kisha akaanza kutuma mshahara wa msaidizi kila mwezi, siyo "ya vocha" kama zamani. Yule wa Dar es Salaam alichukua likizo, akaja kukaa wiki tatu. Wiki ya kwanza alimwogesha mama yake akiwa amegeuza uso. Wiki ya tatu alikuwa akimwimbia. Wakati wa kuondoka alisema, "Sikujua." Tulimwamini, kwa sababu hata sisi hatukujua, nasi tulikuwa mtaa mmoja.

Mwaka 2022, baada ya notisi ya siku 21 kubandikwa kama sheria inavyotaka, walifunga ndoa hapa mjini. Mume alifuata taratibu zote za uhamiaji akahamishia kazi yake Kasanga, upande wetu wa ziwa, ambako ana ndugu upande wa mama yake. Mwenzetu akawa anakaa kwa mama siku nyingi, na siku chache za juma anateremka Kasanga. Alikuwa anateremka kwa wasiwasi, tusidanganyane. Kila safari aliandika ile karatasi yake, mbele na nyuma, ingawa tuliijua kwa moyo.

Asubuhi ile

Mama yetu alifariki mwaka 2023, alfajiri, wakati wa baridi. Zamu ilikuwa yetu. Binti alikuwa Kasanga.

Tulipiga simu tukiwa tunatetemeka. Sisi watatu tulikuwapo, na mmoja wetu, yule aliyefunga mlango miaka minne kabla, ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa mama tangu saa sita ya usiku. Hakuinuka hata kunywa maji. Tulijiuliza: sasa binti atasema nini? Maana lile aliloliogopa miaka kumi na moja ndilo lililotokea. Mama amekufa na yeye hayupo.

Alifika kabla ya saa sita mchana pamoja na mumewe. Aliingia, akakaa kitandani, akamtengeneza mama yake kitambaa cha kichwa. Halafu akauliza bila kutuangalia:

"Nani alikuwa naye?"

Tukasema, "Sisi."

Akanyamaza. Akamwangalia yule mmoja wetu, akamshika mkono uleule. Akasema, "Basi alikuwa na mtu."

Kisha akalia, na sisi tukalia, kilio cha kawaida cha msiba. Halikuwamo ndani yake lile neno "Mungu amenionyesha".

Tumemuuliza juzi, tulipokuwa tunaandaa mazungumzo haya, kama hatia imekwisha. Akatuambia tusiseme uongo siku ya sherehe. Akasema usiku mwingine bado huamka saa nane, na mumewe naye ameamka, wanaangaliana, wanacheka, wanalala tena. Tumeandika alivyosema.

Maombi yetu

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu wanachama, tunamalizia kwa maombi matatu.

Kwanza, kila mwanachama anayeuguza nyumbani, awe mama, baba, mume au mtoto, aseme. Kikundi kina daftari la zamu kama kilivyo na daftari la mikopo. Na faini ya kuchelewa kwa anayeuguza ilifutwa mwaka 2019. Asiwepo wa kuirudisha.

Pili, akina baba. Asanteni kwa kuja na asanteni kwa mchango wa viti. Sasa tunaomba na mikono. Kugeuza mgonjwa hakuhitaji kanga kiunoni.

Tatu, tusimsifu mtu mpaka akashindwa kupumua. Ukimwona jirani anauguza miaka na miaka, usimwambie "Mungu atakulipa". Mwambie, "Leo nakaa mimi, wewe nenda." Akirudi anacheka, usiulize kacheka na nani. Furahi amecheka.

Yule mmoja wetu ameomba radhi kwa mwenzetu zamani, na amesamehewa. Leo anaiomba kwenu wote, kwa kuwa ufunguo mliompa ni wenu. Mkitaka kuuchukua, uko hapa mezani. Mkitaka aendelee nao, ataushika.

 Akina mama hoyee!